Ukuta wa tanuri la alumini: udongo wa kichuguu, tofali la dukani au mavi ya alumini?

Tangu Serikali ihamishie shughuli zake Dodoma, fremu za madirisha na milango ya alumini zimejaa mjini, na vipande vinavyobaki kwenye karakana vimekuwa mali. Vinapimwa kwa kilo na kuuzwa kama skrepa. Vingine hupakiwa kwenda Dar es Salaam, vingine huyeyushwa hapahapa na mafundi sufuria, vikichanganywa na pistoni za magari, vichwa vya injini na makopo ya bia. Kila anayeyeyusha ana kero mbili ambazo kwa kawaida huzitazama mbalimbali: ukuta wa ndani wa tanuri unaobomoka, na lundo la kijivu nyuma ya kibanda, yaani yale mabaki aliyoyaengua juu ya alumini kabla ya kumimina. Hapa nitayaita mavi ya alumini, kama tunavyosema mavi ya chuma.

Je, lundo hilo linaweza kuujenga ukuta huo? Na likiujenga, litaushinda udongo wa kichuguu ambao ni bure, au tofali la tanuri lililotoka nje ya nchi? Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda aondoke nao: mavi ya alumini yanashinda pale tu alumini iliyoyeyuka inapogusa ukuta wenyewe. Kwingine kote unajitafutia kazi.

Kwanza angalia nini kinagusa nini

Alumini huyeyuka ikifika nyuzi 660 za sentigredi, na mafundi wengi huimimina ikiwa kati ya 700 na 750. Joto hilo haliwezi kulitisha hata tofali la kawaida la kuchoma. Sasa mbona kuta zinakufa?

Sababu ya kwanza ni mkaa. Pale feni inapopuliza hewa kwenye mkaa unaowaka, joto hupita nyuzi 1,200, na udongo mwekundu wenye chuma nyingi huwa umeshaanza kulainika hapo. Utaona karibu na bomba la hewa ukuta umepata ngozi inayong'aa, kisha unateremka taratibu kwenda chini. Sababu ya pili ni kuwasha na kuzima. Ukuta unapata moto asubuhi, unapoa jioni, unatanuka na kusinyaa, na ufa wa juzi unazaa ufa wa leo.

Sababu ya tatu ndiyo wengi hawaijui, nayo ndiyo inayoamua ulinganisho huu. Alumini ina uchu mkubwa wa oksijeni. Ikikaa juu ya udongo wenye silika, yaani kile kinachounda mchanga mweupe, ikiwa imeyeyuka, huinyang'anya silika oksijeni yake, ikageuka alumina (alumini iliyoshikana na oksijeni), na silikoni iliyoachwa ikaingia ndani ya alumini. Ukivunja tofali lililokaa hivyo muda mrefu unakuta sehemu ya ndani ni nyeusi, ngumu kupita kiasi, imevimba na kushikana na chuma. Patasi inaruka juu yake. Hapo ukuta haukuungua, umeliwa, na hata tofali la bei kubwa litaliwa vilevile kama silika yake ni nyingi.

Kwa hiyo jiulize: unayeyushia ndani ya chungu, au moja kwa moja kwenye sakafu ya tanuri? Ukitumia chungu cha chuma au mtungi wa gesi uliokatwa, alumini haigusi ukuta isipokuwa ikimwagika, na sababu ya tatu karibu haikuhusu. Ukiyeyushia sakafuni, kama wafanyavyo wenye mzigo mkubwa, sababu ya tatu ndiyo adui wako namba moja.

Udongo wa kichuguu na tofali la kuchoma

Huu ndio ukuta wa matanuri mengi ya huku, na una heshima yake. Mchwa huchagua chembe ndogo za mfinyanzi na kuzigandisha, ndiyo maana udongo wa kichuguu hushika vizuri kuliko udongo wa shambani, na kuanzia Chamwino hadi Manyoni hununui. Tofali la kuchoma la kawaida nalo limechomwa kwa kuni kwenye nyuzi kama 800 hadi 1,000, kwa hiyo hapo ndipo lilipozoea.

Ubaya wake nimeshausema: likipita nyuzi 1,100 hivi, kutegemea udongo wenyewe, linaanza kulegea. Dawa ya bei nafuu ni kuchanganya udongo na chenga za tofali lililokwisha kuchomwa, zilizopondwa hadi kuwa kama punje za mtama. Chenga hizo zimeshasinyaa zilipochomwa mara ya kwanza, hivyo hupunguza kusinyaa kwa ukuta mzima na kuzuia ufa usisafiri. Na tafadhali kaa mbali na udongo mweusi wa mbuga. Unashikana vizuri mkononi na unadanganya, lakini hufura ukinywa maji na kupasuka ukikauka, kama kila aliyepita Bahi wakati wa kiangazi anavyojua.

Kwa anayeyeyusha kwenye chungu, kazi ndogo, mara chache kwa wiki, sioni sababu ya kuacha kichuguu. Ukuta ukichoka, unaubomoa na kuukandika upya kwa siku moja.

Tofali la dukani

Tofali la tanuri la viwandani lina vipimo vinavyojulikana, mara nyingi milimita 230 kwa 114 kwa 65, na uzito wa kilo 3 na nusu hivi likiwa la udongo wa kawaida wa tanuri. Hilo huwa na alumina kati ya asilimia 25 na 45, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni silika. Lile la daraja la juu lina alumina ya asilimia 50 na kuendelea. Muuzaji akikwambia tu kwamba ni tofali la moto, hajakwambia kitu. Muulize asilimia ya alumina na joto la kutumika, na kama hana karatasi ya vipimo, bei yake ishuke.

Sifa yake kubwa ni kwamba matofali yote yanafanana. Ukinunua 20, yote yatakuwa na unene mmoja na tabia moja, jambo ambalo matofali uliyotengeneza mwenyewe hayatakupa. Na 20 si mfano wa kubahatisha. Pipa la lita 200 lina upana wa ndani wa sentimita 57 hivi. Ukisimamisha matofali kuzunguka shimo la sentimita 30, mzunguko mmoja unachukua 8, safu mbili ni 16, ongeza ya sakafuni, umefika 20. Kati ya matofali na bati la pipa inabaki nafasi ya sentimita 7 hivi ya kujaza kitu chepesi cha kuzuia joto, na hiyo nafasi tutairudia.

Kosa ninaloliona sana kwenye matofali ya dukani halimo kwenye tofali, limo kwenye kiungio. Mtu analeta matofali mazuri kutoka Dar, halafu anayaunga kwa saruji ya kujengea nyumba. Saruji hiyo hupoteza maji yaliyoishikilia ikifika nyuzi 400 hadi 500, na tanuri likipoa hunywa unyevu wa hewani na kumomonyoka. Ukuta unabaki umesimama kwa mazoea tu. Unga kwa udongo mweupe uliochanganywa na chenga, au kwa saruji maalumu ya alumina, ambayo ni bidhaa nyingine kabisa na haiuzwi kila duka la vifaa vya ujenzi.

Kuhusu bei sitataja namba, zinabadilika. Njia ya kulinganisha ni hii: jumlisha matofali, usafiri, malipo ya fundi na hasara ya siku ambazo tanuri limelala, kisha gawanya kwa idadi ya mara utakazoyeyusha kabla ya kujenga upya. Kwa mwenye kuwasha kila siku, tofali la dukani mara nyingi huonekana rahisi ukilipigia hesabu hiyo. Kwa mwenye kuwasha Jumamosi, hapana.

Mavi ya alumini yenyewe

Sasa tuingie kwenye lundo. Alumini ikiyeyuka hewani hujifunika ngozi ya alumina, na alumina huyeyuka ikikaribia nyuzi 2,070. Rubi zinazochimbwa Winza, wilayani Mpwapwa, ni alumina hiyohiyo ikiwa imeumbika vizuri na kupakwa wekundu na kromiamu kidogo. Kwa maneno mengine unachokitupa nyuma ya kibanda ni ndugu wa rubi, ila amechanganyika na watu wabaya.

Watu wabaya hao ni wanne. Kuna alumini nzima iliyonaswa, chembe na matone. Kuna chumvi, kama ulitupia chumvi ya kusafishia alumini wakati wa kuyeyusha. Kuna nitridi ya alumini, inayozaliwa alumini moto inaposhikana na nitrojeni ya hewani, na kuna kabaidi ya alumini kidogo, hasa pale penye mkaa na mafuta. Wa kwanza ni mali. Wa pili anapunguza nguvu ya tofali kwa kulilainisha mapema motoni. Wa tatu na wa nne wakikutana na maji hutoa gesi: nitridi hutoa amonia, kabaidi hutoa methani. Unga wa alumini nao ukiwa kwenye maji hutoa hidrojeni.

Ndiyo sababu anayechukua mavi mabichi, akayakanda na udongo na maji na kufyatua matofali, asubuhi hukuta matofali yamefura na kupasuka mgongoni. Viwanda vya matofali mepesi ya saruji hutia unga wa alumini makusudi ili zege liumuke. Wewe hutaki hivyo.

Mavi pia hayafanani, na hapa kuna kichekesho. Makopo ya vinywaji ndiyo yanayowakera mafundi kwa sababu bati lake ni jembamba na sehemu kubwa hupotea motoni. Lakini mwili wa kopo una magnesi ya asilimia 1 hivi na kifuniko kinakaribia 5, na magnesi hiyo ikiungua pamoja na alumini hutoa spineli, inayovumilia hadi nyuzi 2,135 na ambayo alumini iliyoyeyuka haiipendi kuila. Vito vya spineli vya Mahenge, Morogoro, ni kitu hichohicho. Kwa hiyo skrepa mbaya ya kuyeyusha ndiyo yenye mavi mazuri ya kujengea. Mabaki ya madirisha yana magnesi kidogo, hayafiki asilimia 1, ila ni safi kama umeng'oa raba, plastiki na skrubu kwanza. Pistoni ndizo za mwisho kwenye orodha yangu: zina silikoni nyingi, shaba na mafuta ya injini, na mavi yake huwa meusi na yenye kabaidi. Ukiweza, tenga malundo matatu. Ukishindwa, angalau pistoni zikae peke yake. Na pitisha sumaku kwenye makopo, kwa kuwa mengine ni ya chuma.

Kuyasafisha

Kazi inaanza pakavu. Ponda mavi yaliyopoa kabisa kwa nyundo au kwenye pipa linalozungushwa na vipande vya chuma ndani. Alumini ni laini, inabapa. Alumina na wenzake hupasuka kuwa unga. Ukichekecha, vipande bapa vinabaki juu ya chekeche, unavirudisha kwenye chungu, na hiyo peke yake inaweza kulipia mkaa wa siku. Unga uliopita chini ndio wa kuosha. Vaa barakoa ya kweli, si kitambaa, maana vumbi hili si la mchezo.

Kuosha kunafanyika nje, penye upepo, mbali na moto na sigara, kwenye beseni lisilofunikwa. Mimina unga kwenye maji, usimimine maji kwenye unga mwingi kwa mara moja. Yatachemka kidogo na utasikia harufu ya banda la kuku lisilosafishwa: hiyo ni amonia. Koroga, acha hadi kesho, mwaga maji ya juu kwenye chombo kingine, rudia. Maji ya uvuguvugu yanaharakisha, na Dodoma jua la mchana linakufanyia kazi hiyo bure. Siku ambayo unga hautoi tena harufu wala mapovu, umemaliza. Usiharakishe hapa kwa ajili ya oda ya mtu.

Tatizo ni maji, na sisi tunaijua shida ya maji. Jiji linategemea sana visima vya bonde la Makutupora, na visima vingi vya mkoa vina chumvi tayari. Kumwaga maji ya mavi kwenye korongo ni kumwongezea jirani chumvi kwenye kisima. Tumia maji kwa mzunguko: maji ya osho la tatu, ambayo yana chumvi kidogo, yawe maji ya osho la kwanza la mzigo unaofuata. Yaliyoshiba chumvi yamwage kwenye karai pana lililotandikwa plastiki, jua liyakaushe. Chumvi inayobaki inarudi kwenye tanuri kama chumvi ya kusafishia alumini. Usiipeleke jikoni wala kwa mifugo.

Kama wewe hutupii chumvi kabisa, kazi hii inakuwa nusu. Sheria za kimataifa za taka nazo zinaona tofauti hiyo: Mkataba wa Basel unayaweka mavi ya alumini yasiyo na chumvi kwenye orodha ya taka zisizohesabiwa kuwa hatari, lakini yale ya chumvi haukuyaingiza humo. Hapa nchini taka hatarishi zinasimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na ukitaka kukusanya mavi ya watu wengine kibiashara, pita NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kabla hujapakia lori.

Ipo njia ya kukwepa maji: kuyachoma mavi makavu kwenye nyuzi 1,000 na zaidi hadi nitridi igeuke alumina. Inafanya kazi, inakula mkaa, na chumvi inapaa kama moshi mweupe unaowasha macho. Kwa karakana ndogo naona kuosha ni afadhali.

Kukanda na kuchoma

Alumina peke yake haishikani kwa joto la mkaa. Inahitaji mfinyanzi mweupe, kaolini, kama ile ya Pugu, Kisarawe. Kaolini safi ina alumina ya asilimia 39 hivi, silika 46, na maji 14 yaliyofungwa ndani, ambayo hutoka ikifika nyuzi 550. Ikiendelea kupashwa joto hadi nyuzi 1,100 na zaidi, alumina na silika hushikana na kuunda mulaiti, chembe ndefu kama sindano zinazosokotana na kulipa tofali nguvu.

Mulaiti ina alumina sehemu 72 kwa silika 28. Ukipiga hesabu kwa uzito, kaolini mbichi sehemu 5 zinahitaji alumina safi sehemu 4 ili zifike hapo. Mavi yako si alumina safi, na kwa ukuta unaoguswa na alumini tunataka silika yote ifungwe, hakuna ya kubaki huru. Kwa hiyo mimi naanzia upande wa pili: mavi yaliyooshwa sehemu 6, kaolini 4, kisha naongeza chenga za matofali ya namna hiyohiyo yaliyokwisha kuchomwa kila zinapopatikana. Ukipata udongo mweupe karibu na kwako, usiutumie kwa rangi yake tu. Maabara ya GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, iko hapahapa Dodoma na hupima sampuli kwa malipo. Unachotaka kusoma kwenye majibu ni chuma, chokaa, sodiamu na potasiamu, vyote viwe kidogo.

Maji ya kukandia yawe machache, unga ushikane ukiufumbata kwa nguvu bila kuchuruzika. Shindilia kwenye kalibu ya chuma, toa, kausha kivulini hadi rangi iwe moja kila upande, halafu juani.

Kuchoma ndiko kunakowakwamisha wengi. Tanuri la kuni la matofali ya nyumba, kwa nyuzi zake 800 hadi 1,000, halitoshi. Tofali litatoka likionekana zuri na kucha itaacha mkwaruzo juu yake. Unahitaji 1,250 au zaidi, yaani mkaa na feni, kwa saa kadhaa, na kwa mkaa wa bei ya sasa hesabu inaumiza. Kwa hiyo pendekezo langu kwa karakana ndogo ni kutotengeneza matofali kabisa. Shindilia mchanganyiko huo moja kwa moja mahali pake, unene wa sentimita 4 au 5, juu ya ukuta wa kichuguu uliopo, uache ukauke, uupashe moto polepole, na tanuri lenyewe liuchome upande wa ndani ambako ndiko nguvu inahitajika. Mabadiliko ya tanuri la pipa hayahitaji hata kilo 40 za unga uliooshwa.

Usije ukamwaga alumini kwenye ukuta wenye unyevu. Maji yaliyonaswa yakigeuka mvuke chini ya chuma kilichoyeyuka, hulipuka na kurusha alumini usoni. Moto mdogo wa kuni siku nzima, kisha mkaa bila feni, kisha feni.

Jaribio la kikombe

Kabla hujashindilia tanuri zima, tengeneza vipande vitatu vya ukubwa wa kiganja, kila kimoja na shimo katikati kama la bao: kimoja cha kichuguu na chenga, kimoja kilichokatwa kutoka tofali la dukani, kimoja cha mavi na kaolini. Vyote viwe vimechomwa. Weka kijipande cha alumini ileile katika kila shimo, viingize pamoja kwenye tanuri na uvishike kwenye joto la kazi siku nzima ya kuyeyusha. Vikipoa, vikate katikati.

Usitazame juu, tazama mpaka kati ya chuma na kipande. Kwenye kipande kizuri, donge la alumini linang'oka kwa kugongwa kidogo na shimo linabaki safi. Kwenye kibaya kuna ukanda mweusi unaoingia ndani, na donge haling'oki bila kuvunja kipande. Pima unene wa ukanda huo kwa rula. Hapo hubishani na mtu, wala muuzaji wala mimi.

Kuna jaribio la pili la haraka: pasha kipande hadi kiwe chekundu, kitoe na ukiweke mbele ya feni, rudia mpaka kipasuke, kisha hesabu mara. Hapa kichuguu chenye chenga nyingi kinaweza kukushangaza kwa kuvumilia kuliko kipande cha mavi kilichobanana.

Tofali jepesi la nyuma

Nilisema tutairudia ile nafasi ya sentimita 7. Ukuta wa mavi ya alumini una kasoro moja: alumina hupitisha joto kuliko udongo wa kawaida, kwa hiyo bila kizuizi nyuma yake unapasha joto bati la pipa. Jaza nafasi hiyo kwa udongo uliochanganywa na pumba. Pumba zikiungua huacha matundu yenye hewa, na hewa iliyofungwa ndiyo inayozuia joto.

Pumba gani? Singida na Dodoma tuna maganda ya alizeti kila kona yenye mashine ya kukamua, na mtu angedhani ndiyo chaguo. Mimi nachagua pumba za mpunga kutoka Bahi. Majivu ya mpunga ni karibu silika tupu, majivu ya alizeti yana potasiamu nyingi, na potasiamu huufanya udongo ulainike mapema. Tofali hili jepesi likae nyuma siku zote. Likiguswa na alumini litanyonya.

Nani achague nini

Fundi sufuria mwenye chungu kimoja: kichuguu na chenga kwa ukuta, pumba nyuma. Mavi yatumie kwa vitu vidogo vinavyoguswa na chuma: kigae cha kukalishia chungu, mdomo wa kumiminia, na uji mwepesi wa unga wa mavi na kaolini wa kupaka ndani ya upawa na chungu cha chuma. Alumini huila chuma polepole, na ngozi hiyo huichelewesha. Paka, kausha kabisa, ndipo uchovye.

Anayeyeyushia sakafuni: sakafu na ukuta hadi juu kidogo ya usawa wa alumini iwe ya mavi na kaolini, juu yake tofali la dukani la udongo, hata la daraja la chini, kwa sababu huko linapambana na moto tu. Ukuta mzima wa mavi ni ufahari.

Anayeyeyusha shaba au dhahabu: nunua tofali la dukani. Shaba inataka nyuzi 1,085 na kidogo juu yake, dhahabu 1,064, na wachenjuaji wa dhahabu wanatumia boraksi, unga wa kusafishia dhahabu motoni, inayokula karibu kila udongo. Hapo chumvi kidogo iliyosalia kwenye mavi itakugharimu ukuta.

Tanuri la mikate: kichuguu, bila mjadala. Hujui rangi na risasi gani zilikuwa kwenye skrepa iliyotoa mavi hayo, na chakula kinakaa juu ya sakafu hiyo.

Na kwa kijana anayetaka kufyatua matofali ya mavi na kuyauza: soko lipo dogo, ni hao wa sakafuni, na hawatanunua kwa maneno. Waletee kipande kilichokatwa cha jaribio la kikombe na karatasi ya GST, uwatajie joto ulilochomea. Kisha uza kwanza kigae cha kukalishia chungu, kwa kuwa ni kidogo, vinachomeka vinne kwa moto mmoja, na kikimvunjikia mteja hakuangushi tanuri lake.